Mbao Zikauke Kwanza

Mtu mwenye ajira nzuri anayetamani kazi ya mikono hupewa ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia ajilipue: maisha ni mafupi, andika barua, mengine yatajipa. Wapo wanaomwambia atulie na mshahara wake, maana ufundi ni kazi ya waliokosa. Kambi zote mbili zina kasoro ileile. Zinaitazama kazi ya mikono kama jambo la moyo, bila kuuliza kazi yenyewe inafanyikaje, inakula nini na inalipa lini. Makala hii inamlenga mtumishi wa umma, mhasibu, mwanasheria au mhandisi aliyepo Dodoma na maeneo jirani ya uwanda wa kati, ambaye mawazo yake yako karakana hata akiwa kikaoni. Nitazungumzia useremala, kwa kuwa unaonyesha hoja yangu waziwazi kuliko ushonaji, uchomeleaji au ufinyanzi, ingawa anayezitamani hizo naye atapata la kuchukua. Hoja ni hii: mshahara ndio mtaji wa kwanza wa karakana, na kazi ya mtaji huo ni kununua muda, yaani muda wa mkono kujifunza na muda wa mbao kukauka. Anayeacha ajira kabla ya kuutumia mshahara kwa kazi hiyo anaitupa silaha pekee ambayo fundi wa jirani hana.

Soko lipo, hilo halina ubishi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ukasuasua kwa zaidi ya miongo minne, hadi Serikali ilipoanza kuhama kwa kishindo mwaka 2016. Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Kila nyumba inayopanda Iyumbu, Nzuguni, Ilazo au Mkonze inataka fremu, milango, makabati ya jikoni na vitanda, na ofisi za Mji wa Serikali pale Mtumba nazo hazikai bila meza. Lakini habari hizo hazikukufikia wewe peke yako. Mafundi wa kila pembe ya nchi wamezisikia, na wengi wamekwishahamia. Tena tangu 2024, treni ya reli ya kisasa ilipoanza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, mteja anaweza kupanda alfajiri, akachagua sofa Keko na kurudi nyumbani kabla ya usiku wa manane. Kwa hiyo usijiulize kama wateja wapo. Jiulize kwa nini wakufuate wewe.

Hawatakufuata kwa wepesi wa mkono. Kijana aliyeanza kushika randa akiwa na miaka 15, ukimkuta ana 30, anajua kwa sauti tu kwamba meno ya msumeno yamekwisha, na akiinua ubao anajua kwa uzito wake kama bado una maji. Wewe unayeanza ukiwa na miaka 35 au 40 huenda ukafikia ufundi mzuri, lakini hutampita kwa kasi, na mteja anayetaka kitanda cha bei ya chini ifikapo Jumamosi ni wake, si wako. Kulikubali hilo mapema kunaokoa fedha nyingi na majivuno mengi.

Maji hayo ndani ya ubao ndiyo kiini cha useremala katika uwanda wetu. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, ambayo kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka, hunyesha karibu yote kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni upepo na ukavu. Paina nyingi inayouzwa mjini hutoka nyanda za juu kusini, kwenye shamba la Serikali la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi kuzunguka Mafinga. Mninga hutoka misitu ya miombo ya upande wa magharibi, Tabora na Katavi. Mti hukatwa, hupasuliwa, na mara nyingi ubao hupakiwa kwenye lori ungali mbichi. Ukiutengenezea mlango mwezi Februari, utapendeza. Ifikapo Septemba paneli zimesinyaa, viungo vinapitisha mwanga, na mteja anapiga simu. Ubao husinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu haubadiliki. Ndiyo maana katika mlango wa paneli uliotengenezwa na mjuzi, paneli huachiwa nafasi ya kucheza ndani ya mfereji wa fremu, na haipigwi gundi wala msumari. Kwa sababu hiyohiyo, kabati lililotulia miaka mingi Dar es Salaam kwenye unyevu wa bahari linaweza kuanza kupasuka likishahamishiwa hapa, na mwenye kabati akamlaumu dereva wa lori.

Dawa yake haina siri yoyote. Mbao zipangwe kivulini, zilale juu ya matofali au zege zisiguse ardhi, maana mchwa wa Dodoma hana subira. Kati ya tabaka na tabaka viwekwe vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Ncha zipakwe rangi ya mafuta au nta zisipasuke kwa kukauka haraka kuliko katikati. Juu ya rundo uwekwe mzigo mbao zisipinde. Kanuni ya kale ya maseremala wa nchi nyingi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa hewa yetu kavu muda huo unaweza kupungua, lakini wiki tatu haziwezi kuitwa kukausha, hata muuzaji akiapa.

Kwa nini basi mafundi wengi hawafanyi hivyo, ilhali wanayajua haya kuliko wewe na mimi? Kwa sababu hawana fedha ya kulaza. Fundi wa mtaani hupokea kianzio cha mteja, hununua mbao siku hiyohiyo, hutengeneza wiki hiyohiyo. Ikitokea mtoto ameugua au kodi ya pango imefika, kianzio kinaliwa. Ndipo fedha ya mteja wa pili hununua mbao za mteja wa kwanza, na ya mteja wa tatu za mteja wa pili, mpaka foleni ya ahadi inamzidi. Watu humwita mwongo. Mara nyingi uongo wake ni hesabu isiyofunga tu, na hata mtu mnyoofu kabisa angeishia palepale akiwa na mtaji uleule. Hapa ndipo mwenye mshahara ana kitu cha kuongeza. Anaweza kununua mbao kumi mwezi huu, kumi mwezi ujao, akazilaza mwaka mzima bila kuzigusa, kwa sababu chakula chake hakitoki kwenye mbao hizo. Mkulima wa Ugogo mwenye akili hamwagi mbegu yote kwenye mvua ya kwanza, naye mwenye mshahara asimwage akiba yote kwenye wazo la kwanza. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, dai risiti, na mzigo ukitoka nje ya mkoa hakikisha una kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Mbao za njia za panya zina bei nzuri mpaka siku zitakapokamatwa.

Wengi hukosea hapa kwa kuanza na mashine. Mtu huchukua mkopo wa mshahara, hununua randa ya umeme, msumeno wa meza na keekee ya kusimama, hupanga fremu ya duka, kisha hugundua kwamba hana fedha ya mbao wala mteja wa kuzilipia. Kuranda na kupasua unaweza kulipia kwenye karakana ya mwingine kadiri ya kazi uliyonayo. Mbao kavu, kwa upande mwingine, ni vigumu kuzipata kwa mtu. Kwa miaka miwili ya mwanzo nunua vifaa vya mkono vizuri, yaani randa, patasi, misumeno, vibanio vya kutosha na jiwe la kunolea, na fedha nyingine yote iwe mbao.

Faida ya pili unayotoka nayo ofisini ni tabia za kikazi ambazo pengine umezichoka: kuandika makisio, kutimiza tarehe, kutunza kumbukumbu, kumjulisha mtu mapema kwamba kazi itachelewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bei ya meza haijulikani mpaka uandike mbao, gundi, msasa, vanishi, usafiri, umeme, uchakavu wa vifaa, kodi, na siku zako mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mteja anayepewa karatasi yenye vipimo, aina ya mbao, tarehe na kiasi cha kianzio, kisha akaletewa kazi tarehe ileile, atamwambia jirani yake. Kwa soko la Dodoma, hili lina uzito kuliko nakshi.

Sasa mkono wenyewe. Kuna atakayesema: kama nguvu yangu ni mbao kavu na daftari, niajiri mafundi nibaki kusimamia. Mtu huyo hataki ufundi, anataka biashara ya samani, na si kosa, ila asijiite seremala. Asiyeweza kutengeneza droo hawezi kuipangia bei, wala hawezi kujua kwamba kiungo kimefichwa kwa unga wa mbao na gundi. Lazima ujifunze, na kujifunza kunakwenda polepole. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alianzia kwenye michoro ya matangazo ya biashara. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 akiwa katika fani hiyo, huko akakutana na udongo, akaenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wafinyanzi wa kituo cha huko, akarudi chuoni, na shahada ya pili ya ufinyanzi akaipata mwaka 1982 katika Royal College of Art, London. Zaidi ya miaka kumi, kwa mtu mwenye kipaji ambacho wengi wetu hatuna. Hata Matthew Crawford, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Chicago aliyeacha kuongoza taasisi ya sera Washington akafungua karakana ya pikipiki huko Richmond, Virginia, na kuandika kitabu kilichosomwa sana mwaka 2009, hakuanza mikono mitupu: alikuwa amefanya kazi ya fundi umeme tangu ujana wake. Wanaosimulia habari zake kama mruko wa ghafla huiruka sehemu hiyo.

Kwa hiyo tafuta pa kujifunzia ungali kazini. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Dodoma na hutoa kozi fupi pamoja na zile ndefu. Pia ina utaratibu wa kupima na kumpa cheti mtu aliyejifunzia kazini bila kupita darasani, ambao utakufaa baadaye. Lakini kozi peke yake haikutoshi. Tafuta fundi mkongwe, Chang'ombe au Majengo au popote alipo, mkubaliane ada ya kukufundisha, na uende kila Jumamosi kama saidia fundi. Zoa maranda. Shika ncha ya ubao. Noa patasi zake. Kama ni mkubwa kwako mwamkie, kama ni mdogo mwite fundi vilevile. Akianza kukuita bosi, jua masomo yamekwisha, maana bosi haonyeshwi kosa lake.

Upande wa fedha kuna mambo ambayo ari haiwezi kuyaruka. Pensheni ya uzeeni, iwe ya PSSSF au NSSF, inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Mwenye miaka 13 kazini anayeandika barua leo kwa hasira anaacha mlangoni kitu ambacho miezi 24 mingine ingemhakikishia, na miezi hiyo 24 ndiyo hasa muda wa kukausha mbao na kunyoosha mkono. Fao la kukosa ajira nalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake; usilipigie hesabu. NSSF huandikisha watu waliojiajiri, hivyo kabla ya kuondoka uliza, kwa maandishi, michango yako ya nyuma itaunganishwaje na ya mbele. Deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambalo kwa mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, halifutiki kwa kubadili kazi. Na mkopo wa benki unaolipwa kwa makato ya mshahara umalizwe kwanza, hata kama itamaanisha kusubiri mwaka zaidi. Karakana changa inaweza kuvumilia mteja mgumu; haiwezi kubeba rejesho la kila mwezi.

Kalenda nayo ina mchango wake. Fedha ya uwanda wa kati haitembei sawasawa mwaka mzima. Januari wazazi wako kwenye ada na sare. Mvua zikiwa zinaendelea, ujenzi mwingi husimama na wakulima wako shambani. Kuanzia Mei mtama, uwele na alizeti huanza kuingia nyumbani, Bunge la bajeti linakuwa limejaza mji, na wanaojenga hurudi saiti. Kwa maoni yangu, anayeweza kuchagua aondoke kazini mwishoni mwa Aprili, akiwa na akiba ya kula hadi Aprili nyingine, badala ya kusubiri Desemba kwa kuwa mwaka mpya una mvuto. Zabuni za Serikali usizitegemee mwanzoni. Ni kweli kwamba mfumo wa NeST umekuwa ukitumika tangu 2023, na kwamba asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini malipo yake yanaweza kuchelewa miezi, nawe utarudi kwenye hesabu isiyofunga niliyoieleza. Tena ukiwa bado mtumishi, usiuzie ofisi yako hata kigoda. Huo ni mgongano wa maslahi, na unaweza kukuondoa kazini kabla ya siku uliyopanga.

Watasema umepoteza elimu yako. Ukoo uliochangia ada ulikuwa unamtarajia mkurugenzi, sasa unamwona mtu mwenye vumbi la mbao kichwani. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa sababu mshahara wa mtu mmoja hapa kwetu hula na watu wengi. Lakini dharau yenyewe kwa kazi ya mikono ilikwishasemwa tangu Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea na kuilaumu shule inayomfanya kijana aone jembe ni adhabu. Na sasa mtaala mpya umeweka mkondo wa amali katika sekondari, ambao ulianza mwaka 2024. Wazee hawatashawishiwa na sera, hata hivyo. Watashawishiwa wakiona ada za wadogo zako hazikukatika. Hilo nalo ni sababu ya kuondoka ukiwa na akiba.

Lawama nyingine ni nzito zaidi, na husemwa mara chache: kwamba mwenye shahada anayeingia karakana anakula riziki ya mtu asiye na pengine pa kwenda. Inakuwa kweli pale unapouza chini ya bei ya mtaa kwa kuwa mshahara unakulisha. Unamuumiza jirani, na unajidanganya mwenyewe, maana siku mshahara ukikoma bei hiyo itakuua. Panga bei kana kwamba huna kipato kingine, tangu kitanda cha kwanza. Mteja asiyeweza bei yako mpeleke kwa fundi aliyekufundisha.

Na wapo watakaosema kwamba subira hii yote ni kisingizio, kwamba anayesubiri mbao zikauke atasubiri mpaka astaafu. Nakubali hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu subira iwekewe kipimo. Karakana iwe imelipa gharama zake zote kwa mwaka mmoja kamili, masika na kiangazi, bila kuongezewa shilingi ya mshahara. Watano kati ya wateja wako wawe wamerudi au wameleta wengine. Na kazi zilizoagizwa ziwe zimezidi Jumamosi ulizonazo. Hayo yakitimia na bado unasita, basi unaipenda ofisi kuliko unavyokiri, na hakuna aibu: endelea na useremala wa mwisho wa wiki, meza zako hazitajua tofauti. Yasipotimia baada ya miaka mitatu, uza mbao. Mbao kavu hazikosi mnunuzi. Na anayeugua kwa sababu ya kazi yenyewe, asiyelala, asiyeweza kusubiri tena, asisome makala hii kama amri ya kukaa. Aombe likizo, abadili kituo, atafute ajira nyepesi. Ila asiikimbilie karakana kama hospitali, kwa kuwa wateja wenye madai na umeme unaokatika havimponyi mtu aliyechoka.

Vipimo vikitimia, soma mkataba wako na kanuni za utumishi zinazokuhusu kabla ya kuandika chochote. Kwa ajira zinazosimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28. Andika barua fupi, isiyo na malalamiko. Kabidhi kazi na vifaa vya ofisi kwa orodha iliyosainiwa, omba cheti cha utumishi, na ubaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa. Siku utakapofuata mafao yako, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza utakayoulizwa.